Jumapili Iliyorukwa

Watu wa Mto Tornio wana saa mbili ukutani, na hakuna anayeona ajabu. Ufini iko ng'ambo hii, Uswidi iko ng'ambo ile, na katikati ya maji saa nzima hupotea. Ukivuka kwenda Uswidi saa sita adhuhuri, unafika saa tano na dakika zake. Ukirudi, umechelewa chakula. Mwaka mpya husherehekewa mara mbili kwa usiku mmoja, na vichwa huuma ipasavyo. Ukimwambia mtu mwonane saa nne, atakuuliza, "Ya kwetu au ya kwao?" bila hata kuinua macho kutoka kwenye kahawa yake. Watoto hujua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Heljä Vaarala alizaliwa humo na kukulia humo, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alifanya kazi katika ofisi ndogo ya kutabiri mafuriko, ofisi ya pamoja ya pande zote mbili, ghorofani juu ya duka la rangi. Kazi yake ilikuwa kuilea programu moja ya kompyuta iliyouiga mto. Programu hiyo ilikuwa na kumbukumbu. Ilijua theluji iliyobaki milimani kaskazini ni kiasi gani, udongo umelowa kiasi gani, maziwa yamejaa kiasi gani. Kila usiku wa manane ilifunga siku na kuihifadhi kumbukumbu hiyo. Asubuhi Heljä aliichukua iwe hali ya mwanzo, akaipa data mpya ya mvua na joto, na programu ikamwambia mto utafika kimo gani siku kumi zijazo.

Shida ni kwamba mashine iliyohifadhi kumbukumbu ilikaa Uswidi, na data ya hali ya hewa ilitoka Ufini. Kumbukumbu iligongwa muhuri wa saa tano usiku, ya kwao. Data ilianza saa sita usiku, ya kwetu. Ni dakika ileile moja, ila imeandikwa mara mbili, tena ya kwao ikabeba tarehe ya jana. Programu, toleo jipya lililoletwa mwezi wa tano na watu wa mji mkuu ambao mpaka wameuona kwenye ramani tu, haikuuelewa utani huo. Kila asubuhi iligoma na kufungua kidirisha chekundu kilichosema kwamba muda wa hali ya mwanzo haulingani na muda wa data. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Simama na Endelea. Heljä aliandika barua mbili kulalamika, akajibiwa mara mbili kwamba suala lake limepokelewa. Basi akawa anabonyeza Endelea, kila siku ya Mungu, huku mkono wa pili umeshika kikombe.

Jumatatu ile ya tarehe tisa Juni kidirisha kilifunguka kama kawaida. Kilisema hali ya mwanzo ni ya 07.06. saa 23:00, na data inaanza 09.06. saa 00:00. Heljä aliona ishirini na tatu, akaona sifuri sifuri, akasema moyoni, hiyo ni saa ya mpakani. Akabonyeza Endelea. Mtu wa mji mkuu angeshtuka, kwa kuwa angesoma yote. Yeye alisoma saa, hakusoma tarehe.

Jumapili mafundi wa umeme walikata umeme upande wa Uswidi ili kutengeneza nyaya, na mashine ikalala tangu asubuhi hadi alfajiri ya Jumatatu. Siku haikufungwa. Kumbukumbu ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi, na programu, ikiisha kuambiwa iendelee, iliichukua Jumamosi usiku ikaigundisha kwenye Jumatatu alfajiri bila kinyongo. Kuanzia Jumanne tarehe zikafuatana tena, tofauti ikawa ileile ya saa moja, na kila kitu kikaonekana safi. Kosa lilikuwa limeshahamia ndani na kuvaa nguo za nyumbani.

Na Jumapili yenyewe haikuwa siku ya kusahaulika. Lilikuwa jua la kuchoma, digrii ishirini na saba hata huko milimani, jambo ambalo wazee walisema hawajaliona mwezi wa sita. Heljä na baba yake walikuwa makaburini siku hiyo, wakipanda maua kwenye kaburi la mama. Baba aliinama kwa saa mbili bila kofia, akakataa kukumbushwa, akarudi nyumbani na shingo nyekundu. Jumatatu upepo wa kaskazini ukarudi na baridi yake, watu wakavaa tena masweta.

Baba yake, Oiva Vaarala, alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkuu wa daraja pale Haukikoski. Daraja lenyewe ni nusu daraja. Linaanzia ukingoni na kuishia katikati ya maporomoko, maana halivushi mtu. Watu husimama mwisho wake na nyavu za mipini mirefu, wakawachota samaki waitwao siika wanaopanda mto. Kila mwaka barafu hulibeba, na kila mwaka mwezi wa sita wanaume wa pande zote mbili hulijenga upya kwa magogo ya misonobari na mbao, leo la ukingo wa Wafini, kesho la ukingo wa Waswidi. Mkuu wa daraja ndiye anayetaja siku ya kuanza, na ndiye anayekaa mbele kabisa juu ya maji kukita nguzo ya mwisho. Kazi hiyo Oiva hakuwahi kumwachia mtu, ingawa hajui kuogelea na hataki kusikia habari za jaketi la kuelea.

Siku ya kuanza aliitaja kwa jicho. Kulikuwa na mwamba walioupa jina la Ng'ombe, na mgongo wake ukionekana siku tatu mfululizo, basi mafuriko ya pili, yale ya theluji ya milimani, yamekwisha kupita. Kazi ya binti yake aliiita mchezo wa kompyuta. Kwa miaka kumi na mitano, kila Jumapili binti alipomtembelea, alimuuliza mezani, "Na mchezo wako unasemaje?" na Heljä akameza maneno pamoja na kahawa.

Jumanne jioni, jua likiwa bado juu kabisa, wanaume wanane walikaa kwenye kibanda cha kukaushia samaki pale ukingoni. Ng'ombe alikuwa ameonyesha mgongo siku hiyo tu, lakini siika walikwisha kufika, walionekana wakiruka. Heljä alikuwa amepita kumletea baba yake mkate.

"Na mchezo wako unasemaje?" Oiva akauliza.

"Unasema maji yanashuka," Heljä akajibu. "Baridi imeishika theluji huko juu. Itayeyuka taratibu, kidogo kidogo. Mwaka huu hakuna mafuriko ya pili ya kutajwa."

"Hapana bwana," akasema Hilding Kruukka, Mswidi wa ng'ambo ya pili, rafiki na adui wa Oiva tangu ujana. "Mimi Jumapili nilikuwa huko milimani kwa dada yangu. Nimevua shati! Theluji ilikuwa laini hadi magotini, nikizama kila hatua. Hayo maji yako njiani, nawaambia."

"Wewe shati unavua hata kwenye misa," Oiva akamwambia, na watu wakacheka.

"Cheka tu. Mimi nangoja Ng'ombe siku tatu, kama ulivyonifundisha mwenyewe."

Heljä alihisi kitu kikimchoma kidogo, kisha kikapita. "Joto la siku moja mashine inalijua, mzee Hilding," akasema. "Imeshalitia humo."

Oiva akakiweka kikombe chini. Akawatazama wale watu mmoja mmoja, Wafini watatu na Waswidi watatu, ukimtoa Hilding aliyekuwa amenuna. "Binti yangu amesema yanashuka," akasema. "Tunaanza kesho."

Hakusema mchezo, hakusema kompyuta. Heljä alitoka nje akajifanya anatafuta kitu ndani ya gari, maana machozi yalikuwa karibu na hakutaka wayaone. Miaka kumi na mitano alikuwa akilingoja neno hilo bila kujua kama anangoja. Alirudi mjini akiwa na furaha hata akapitiliza njia ya kwake.

Jumatano wakakita nguzo nne. Hilding alikuja, kwa kuwa desturi ni desturi, lakini alikataa kupanda darajani. Alikaa kwenye kiti cha kukunja ukingoni, akamfunga Oiva kamba kiunoni na kushika ncha yake.

"Nimekuwa mbuzi sasa?" Oiva akauliza.

"Mbuzi ana akili," Hilding akajibu, na hakuifungua.

Alhamisi asubuhi Heljä alifika kazini, akabonyeza Endelea, akaangalia vipimo vya mtoni. Kipimo cha juu, kilomita sitini kaskazini mwa Haukikoski, kilionyesha maji yamezidi utabiri kwa sentimita thelathini na nane, na yalianza kupanda alfajiri. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba gogo limekigonga kipimo, kama lilivyofanya mwaka juzi. Akaandika barua fupi kwa fundi, akakaa kwenye mkutano ulioanza saa tatu na kuishia karibu saa tano na nusu, mkutano wa kupanga mikutano. Aliporudi mezani akafungua kipimo kingine, cha juu zaidi ya hicho. Nacho kilikuwa kimepanda, tena zaidi. Magogo mawili hayagongi vipimo viwili asubuhi moja.

Akakaa na mikono mapajani. Ofisi ilikuwa kimya, duka la rangi chini likipiga redio. Hapo ndipo shati la Hilding lilipomrudia. Jumapili nimevua shati.

Akaiuliza programu theluji iliyoyeyuka Jumapili ni kiasi gani. Ikamwonyesha Jumamosi, ikamwonyesha Jumatatu. Akauliza tena, polepole, akiandika tarehe kwa kidole kimoja. Jumamosi, Jumatatu. Jumapili haikuwemo. Akafungua daftari la programu, lile linalojiandika lenyewe, akashuka hadi tarehe tisa. Hali ya mwanzo 07.06. 23:00. Data 09.06. 00:00. Tofauti imeonywa. Mtumiaji ameamuru kuendelea: HV.

Alizisoma herufi hizo mbili za jina lake mara kadhaa. Hakulaumu umeme, wala toleo jipya, wala watu wa mji mkuu, ingawa wote walistahili kidogo. Aliulizwa swali waziwazi, akalijibu bila kulisoma.

Ndipo akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, na kilimchukua dakika kumi na moja. Aliirudisha kumbukumbu ya Jumamosi, akaipa data ya Jumapili nzima, saa kwa saa, akaacha programu iifunge siku hiyo vizuri, ndipo akaisogeza hadi leo. Safari hii theluji iliyeyuka kwenye skrini kama ilivyoyeyuka duniani. Maji yake yakashuka milimani, yakapita kipimo cha juu alfajiri, sawasawa na yalivyopita kweli, na kufika Haukikoski leo saa 13:00. Saa 13:00 ya wapi? Akatazama muhuri, akaandika kiganjani kwa kalamu: saa saba yao, saa nane yetu. Yangepanda mita moja na robo ndani ya saa moja. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Akatuma tangazo la masahihisho pande zote mbili, akaweka jina lake chini, akachukua funguo.

Simu ya baba yake iliita bila kujibiwa. Ilikuwa, kama siku zote, kwenye mfuko wa koti lililotundikwa kibandani. Akampigia Hilding.

"Mzee Hilding, yuko wapi baba?"

"Yuko mbele kabisa, anakita ya saba. Kamba ninayo."

"Mwambie ashuke. Maji yanakuja, saa nane yetu. Ulikuwa sahihi."

Ni haki kusema kwamba Hilding hakusherehekea. "Nimwambie mimi?" akasema. "Mwanangu, nikimwambia mimi atakaa huko mpaka Krismasi. Nitawatoa hawa wengine. Yeye njoo umtoe mwenyewe."

Heljä aliendesha gari kilomita ishirini na tano bila kuwasha redio. Kilichomtia hofu hakikuwa maji peke yake. Maji ya Tornio hayaji kwa kishindo, hupanda tu kwa utaratibu, na mtu mwenye akili huyapisha. Alimwogopa baba yake, ambaye akishatoa neno mbele ya watu hulikalia. Na neno lenyewe alikuwa amepewa na yeye Heljä.

Pale Haukikoski wenzake Oiva walikuwa wameshateremka na kusimama pamoja na Hilding ukingoni. Mwisho wa daraja, hatua arobaini ndani ya maporomoko, Oiva alikuwa amelikalia gogo la mwisho kama farasi, nyundo kubwa mkononi. Heljä akaingia kwenye mbao kwa viatu vya ofisini. Mbao zilikuwa zimelowa, na chini yake maji yalipita meupe kwa kelele. Hakutazama chini.

"Baba! Shuka!"

Oiva akageuka. "Viatu gani hivyo umevaa?"

"Shuka kwanza."

"Hilding ameniibia watu wote, sasa nawe? Imebaki nguzo moja. Kesho tunavua."

"Maji yanapanda saa nane. Mita nzima na zaidi."

Oiva akautazama mto. Ulikuwa kama ulivyokuwa jana, mgongo wa Ng'ombe uko nje, umekauka. "Juzi umesema yanashuka," akasema. "Leo yanapanda. Kesho utaniambia yamekuwa maziwa. Sasa nimwamini Heljä yupi, wa juzi au wa leo?"

"Wa leo."

"Wa juzi nilimwamini mbele ya watu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeonyesha mahali panapouma, na Heljä angependa zaidi angemfokea.

"Nilikosea, baba," akasema, na kelele za maji zikayameza, ikabidi aanze upya ili asikike. "Nilikosea! Niliiruka Jumapili."

"Unairukaje Jumapili? Jumapili tulikuwa wote kwa mama yako."

"Mimi nilikuwepo. Mashine haikuwepo. Kumbukumbu yake iliishia Jumamosi usiku, mimi nikaianzishia Jumatatu. Ilinionya. Ikaniuliza nisimame au niendelee, nikadhani ni saa ya mpakani tu, nikasema endelea. Joto lote la siku ile halimo, baba. Theluji iliyoyeyuka siku ile haimo. Nilikwambia mto unashuka, na mto niliokuwa nao mimi ulikuwa umekosa siku."

Oiva akailaza nyundo mapajani. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu, ukaenda nyuma ya shingo. Ngozi ilikuwa imeanza kubambuka, na kola ya shati ilikuwa ikimsumbua tangu Jumatatu.

"Hata hili halimo?" akauliza.

"Hata hilo."

"Na kule juu jua lilikuwa hilihili."

"Siku nzima. Hilding kakwambia."

"Hilding ananiambia mambo mengi." Akaipapasa shingo tena, safari hii akiitazama milima ambayo kutoka pale haionekani. Kisha akanyoosha mkono na kumpa ile nyundo. "Shika. Ni nzito, usinidondoshee mguuni."

Walirudi wakitembea upande, yeye mbele, baba yake nyuma ameshika bega lake, na Hilding akivuta kamba taratibu kule ukingoni kadiri walivyosogea. Mkono wa baba begani ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Zamani yeye ndiye aliyeshikilia bega la baba.

Hawakukaa bure. Kulikuwa na saa nzima, na wanaume wale wanajua kuitumia. Walizing'oa mbao kuanzia mwisho kuja ukingoni, wakapokezana mkono kwa mkono, wakazipanga juu kwenye nyasi. Kila ubao una alama ya nyumba yake na hakuna aliyetaka wake ukavuliwe huko baharini. Heljä alibeba pamoja nao, viatu vya ofisini vikafa siku hiyo. Saa nane kasoro dakika tano, Ng'ombe alikuwa bado kavu, na mmoja akaanza kumtazama Heljä kwa jicho la pembeni. Saa nane na dakika sita mgongo ukalowa. Saa nane na robo haukuonekana.

Maji yalipanda rangi ya chai, yakileta povu, matawi, na kitako cha mashua ya mtu. Nguzo tatu za mwisho zilitikisika, zikainama, ya saba ikalala kwanza na nyingine zikaifuata. Waliziangalia zikienda zake kusini. Hapo alipokuwa ameketi Oiva sasa palikuwa na maji tu, tena marefu.

Heljä alisubiri mpaka wote wakae kibandani, akasimama mlangoni. "Nataka mjue," akasema. "Mashine haikukosea. Nilikosea mimi. Niliulizwa nikabonyeza bila kusoma. Baba alitaja siku kwa sababu yangu."

Watu wa huko si wepesi wa kufariji. Kuni zililia motoni, mmoja akajikuna kidevu.

"Mimi nilisema," Hilding akaanza.

"Umekuwa ukisema tangu mwaka wa sabini na nane," Oiva akamkata. "Mwaka mmoja ilikuwa lazima upatie."

Wakacheka, Hilding wa kwanza. Oiva akainua birika, akamimina kahawa, akatia vipande vya jibini ndani yake kama inavyonywewa huko. Kikombe cha kwanza siku ya ujenzi ni cha mkuu wa daraja, na hakuna aliyewahi kumwona akimpa mtu mwingine. Akampa Heljä. Yeye akanywa cha pili, akasema daraja litajengwa Ng'ombe akionekana siku tatu, na kwamba binti yake atapiga simu siku ya tatu kusema lake, na yakipatana wataanza. Basi likaisha hivyo.

Kesho yake asubuhi saa mbili, kidirisha chekundu kilipofunguka, simu ya Heljä ikalia.

"Jana ilikuwa siku gani?" Oiva akauliza, bila salamu.

"Alhamisi, baba. Tarehe kumi na mbili."

"Na mashine inasemaje?"

Heljä akasoma kwa sauti, tarehe kwanza, ndipo saa. "Tarehe kumi na mbili, saa tano usiku."

"Ya kwetu au ya kwao?"

"Ya kwao."

"Haya, endelea." Akakata.

Alipiga Jumamosi pia, na Jumatatu, na kila asubuhi iliyofuata. Watu wa mji mkuu waliandika mwishowe kwamba suala lake limetatuliwa na kidirisha hakitafunguka tena. Heljä akawajibu kwamba wakiache, anakihitaji. Ng'ombe alitoa mgongo wiki iliyofuata, siku tatu, na mashine ikakubaliana naye. Daraja likasimama, siika wakachotwa, na Oiva akakita nguzo ya mwisho kwa kamba ya Hilding kiunoni. Jaketi la kuelea aliendelea kulikataa.

Ikafika Jumatatu moja mwisho wa mwezi wa saba. Heljä alikuwa na kazi nyingi wiki zile, mvua kubwa zilikuwa zimeanza, na alikuwa akipeleka kazi nyumbani. Simu ikalia saa mbili.

"Jana ilikuwa siku gani?"

"Jumapili, baba."

"Mashine inayo?"

Akasoma tarehe. "Inayo. Yote, saa kwa saa."

Upande wa pili akasikia saa ya ukutani ikigonga, ile ya kwetu.

"Basi mashine imenishinda," Oiva akasema. "Mimi jana nilichemsha kahawa nikaweka vikombe viwili. Jumapili sikuiona."

Kidole cha Heljä kilikuwa tayari juu ya Endelea. Akakiondoa. Akahesabu nyuma na kukuta kwamba Jumapili ya kabla ya hiyo pia hakwenda kwa baba, wala ya kabla yake.

"Nakuja leo jioni," akasema. "Saa kumi na moja."

"Ya kwetu au ya kwao?"

"Ya kwetu, baba."

"Hiyo ndiyo ya mapema," Oiva akasema, na akakata simu akaweke maji ya kahawa.